Kazi ya kuchagua kozi si ya jamaa wa saiba

Matokeo ya KCSE yakitoka, nchi nzima inageuka karani wa alama. Shangazi ambaye hajapiga simu tangu mazishi ya mwaka juzi anapiga: "Umepata ngapi?" Jirani anauliza. Mwenye kioski anauliza. Makanga wa matatu ya mtaani naye anauliza. Shule zinambeba mwalimu mkuu juu juu, vuvuzela zinalia, na video zinazunguka WhatsApp hadi usiku. Wiki moja baadaye kelele zimeisha. Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, na hapo ndipo kijana anaachwa pekee yake.

KUCCPS, lile shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, likifungua tovuti yake, kijana wa miaka 18 anapewa pesa na kutumwa saiba. Jamaa wa saiba ana watu kumi kwenye foleni, printa imekwama, na mteja mwingine anamlilia kuhusu mambo ya KRA. Anamuuliza kijana, "Unataka kusomea nini?" Kijana anasema hajui. "Una C+? Weka ualimu. Ama weka hii, wengi wameweka hii." Dakika kumi, imeisha. Miaka minne ya mtu imeamuliwa kwa muda wa kungoja chipsi ziive.

Sina ubaya na jamaa wa saiba. Yeye anauza huduma ya kuchapa na kubonyeza, na hiyo anaifanya vizuri. Swali langu ni kwa shule: mmemfundisha mtoto miaka minne, mkamnyoa, mkamwamsha saa kumi alfajiri, mkampa mitihani ya majaribio mpaka akaota hesabu. Kwa nini mnamwacha langoni siku ile hasa anayowahitaji?

Miaka michache iliyopita haikuwa hivi. Watahiniwa walijaza machaguo yao wakiwa bado shuleni, kabla ya mtihani, kisha wakayarekebisha matokeo yakitoka. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, kwa sababu ulichagua kozi kabla hujajua una alama gani. Lakini angalau ulikuwa na mwalimu kando yako na wenzako darasani mkibishana. Sasa maombi yanakuja baada ya matokeo, na hilo ni jambo zuri kwa upande wa alama, ila yanamkuta mwanafunzi ameshafunga sanduku na kwenda nyumbani. Mwalimu wa ushauri nasaha yuko shuleni na watoto wengine.

Wazazi wa wazazi wetu walikuwa na Kidato cha Tano na cha Sita. Mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita ulifanywa 1989, na tangu hapo Mkenya anatoka Kidato cha Nne moja kwa moja hadi chuo kikuu. Ile miaka miwili ya kukomaa na kujua unapenda nini haipo tena. Tuliiondoa miaka hiyo na hatukuweka kitu chochote mahali pake.

Na si watu wachache. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, yaani alama ya chini ya kuingia chuo kikuu. Hao ni wale wa digrii tu. Hujahesabu wa diploma wanaohitaji C-, wala wa vyeti wanaohitaji D. Wote hao wanatafuta ushauri katika wiki chache zile zile, na wengi wao mshauri wao ni yule aliye karibu na kompyuta.

Najua hii biashara kwa karibu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani. Si siri na si aibu. Tangu nianze kuandika mtandaoni, vijana wa mtaa wananitumia ujumbe kila msimu wa maombi, na ukisoma jumbe hizo utaona kitu: karibu wote wanauliza swali moja. "Nina B-, naweza kuchukua nini?" Hilo ni swali la mtu aliyeingia supamaketi na shilingi mia tano na hajui nyumbani kumeisha nini. Mimi huwarudishia maswali matatu, na natamani mwalimu ndiye angekuwa akiwauliza.

La kwanza: hii kozi ukiamka nayo Jumatatu, ni kazi gani hasa? Usiniambie jina, niambie siku. Mtu aliyesomea takwimu anafanya nini kutoka asubuhi hadi jioni? Muuguzi je? Kuna vijana wanaojaza kozi kwa sababu jina lake ni refu na lina neno "sayansi" ndani. Kabla hujaijaza, tafuta mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo, umuulize anachukia nini kazini. Akikuambia anachochukia na bado ukaitaka, basi hapo una kitu.

La pili: masomo yako yanaingia? Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. KUCCPS haikupimi kwa gredi ya jumla peke yake. Inaangalia masomo manne ambayo kozi hiyo inayataka, na kutoka hapo unapata alama za kundi, au klasta, ambazo upeo wake ni 48. Ndiyo maana wawili wenye B moja wanaweza kuomba kozi moja, mmoja akaingia na mwingine akakosa. Tovuti yenyewe inakuonyesha alama zako za klasta na alama ya mwisho iliyochukuliwa mwaka uliopita. Ile ya mwaka uliopita ni dira tu, si ahadi. Wakiomba wengi zaidi mwaka huu, inapanda. Kwa hivyo usijaze machaguo yote kwa kozi ambazo alama yako inagusa ukingo. Weka unayoitamani juu, weka unayoifikia katikati, na chini weka ile ambayo hata mambo yakiharibika utaisoma bila kununa.

Kisha kuna masharti ya taaluma zenyewe. Ukitaka sheria na uwe wakili, angalia gredi yako ya Kiingereza au Kiswahili; B ndiyo inayotakiwa katika mojawapo ukiingia na KCSE. Ukitaka uhandisi, angalia kama kozi ya chuo hicho inatambuliwa na bodi ya wahandisi. Nchi hii imewahi kuwa na wahitimu wa uhandisi waliomaliza miaka mitano, wakaenda kujisajili na kuambiwa digrii yao haitambuliwi. Hebu fikiria hiyo. Miaka mitano, na swali lenyewe lingejibiwa kwa simu moja kabla ya kujaza fomu.

La tatu, na hili ndilo linalowatoa watu chuoni kimya kimya: nani atalipa? Tangu 2023 serikali inagawa ufadhili kulingana na hali ya familia, na baadaye ikawa kwa mabendi matano. Katika mpango ulivyotangazwa, bendi ya kwanza ilipewa udhamini wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia ikabaki na asilimia 5. Bendi ya tano ilipewa udhamini asilimia 30, mkopo asilimia 30, na familia asilimia 40. Mahakama Kuu iliutangaza mpango huo kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo 2025, na mwaka huo huo serikali ikatangaza kupunguza karo. Kwa hivyo usitegemee hesabu ya kaka yako aliyeingia 2023. Tafuta ya mwaka wako.

Lakini jifunze kupiga hesabu yenyewe. Tuseme kozi ni Sh240,000 kwa mwaka. Asilimia 5 ni Sh12,000. Asilimia 40 ni Sh96,000. Zidisha kwa miaka minne: familia moja inatafuta Sh48,000, nyingine Sh384,000, kwa kozi ile ile, darasa lile lile. Na mkopo wa asilimia 25 kwa miaka minne ni Sh240,000 ambazo HELB itakudai ukimaliza, uwe umepata kazi au bado unatarmaki. Hapo hatujataja nyumba, chakula na nauli. Chuo kilicho mbali na kila jamaa yako kinamaanisha kodi ya chumba kila mwezi. Mtoto wa Mombasa aliyepelekwa Eldoret na mwenzake anayelala kwa mjomba hapa Nairobi hawalipii kozi kwa bei moja, hata kama karo ni sawa.

Na ukishajua kwamba umepata nafasi, ombi la pesa ni ombi jingine. KUCCPS kukuita si sawa na kulipiwa. Udhamini na mkopo unauomba wewe mwenyewe, na ukikaa nyumbani ukingoja utangoja hadi muhula uanze.

Najua wazazi watasema: huyu anataka kuwafundisha watoto wetu kukataa ushauri wetu. Hapana. Mzazi anamjua mtoto wake na anaijua mifuko ya nyumbani, na hakuna mwalimu anayeweza kumpiku kwa hayo. Asichokijua mara nyingi ni soko la leo. Baba anayesema "ukipata A ni udaktari, usiharibu alama" anaongea kutoka enzi ambapo daktari alitoka chuo akiingia wodini. Leo tumewaona madaktari barabarani wakidai kuajiriwa. Haimaanishi udaktari ni mbaya. Inamaanisha alama si mkopo ambao ni lazima uutumie wote. Mtoto mwenye A- anayetaka kusomea ualimu wa Kiswahili hajaharibu kitu chochote. Na mtoto mwenye C+ anayetaka kwenda taasisi ya ufundi kusomea umeme badala ya digrii asiyoielewa, mwacheni aende. Yeye amefanya hesabu.

Wengine watasema intaneti ina kila kitu, kijana wa leo ajitafutie. Ni kweli habari ziko. Lakini habari si ushauri. TikTok itakuambia kozi kumi zinazolipa vizuri. Haitakuambia kwamba wewe ulipata D+ ya Kemia. Kisha si kila mtu ana bando za kukaa mtandaoni siku tatu akilinganisha vyuo. Anayeweza kulipia mshauri wa faragha analipia. Asiyeweza anaenda saiba. Tukiacha mambo hivi, alama mbili zilizo sawa zitaendelea kuzaa maisha mawili tofauti, kwa sababu ya nani alikuwa na mtu wa kumuuliza.

Walimu nao wana haki ya kulalamika. Wana madarasa yaliyojaa, na Januari ndiyo wanapokea wanafunzi wapya. Siombi miujiza. Naomba siku tatu. Shule iwaite waliomaliza, wiki ambayo tovuti imefunguliwa. Chumba cha kompyuta kifunguliwe. Mwalimu wa ushauri nasaha na walimu wawili watatu wa masomo waketi. Waalikwe wahitimu wa shule hiyo walioko vyuoni, waje waseme ukweli kuhusu kozi zao, pamoja na walioacha. Kila mtoto akae na mtu dakika 30, ajibiwe yale maswali matatu, ndipo ajaze. Shule ambayo inapata pesa za keki na vuvuzela siku ya matokeo inaweza kupata pesa za chai ya siku tatu.

Na jambo hili halitaisha na 8-4-4. KCSE ya mwisho ni 2027. Lakini watoto wa mtaala mpya walioingia Gredi ya 10 mwaka 2026 wamekwisha kuulizwa wachague: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Hao wana miaka 15. Kama tulishindwa kumshauri mtu wa miaka 18, tumejiandaa vipi kwa hawa?

Mpaka shule ziamke, wewe unayesoma hii na ulishapitia hayo, una kazi. Kuna mtoto mmoja kwenye ploti yenu anayesubiri matokeo. Usimuulize amepata ngapi, wameshamuuliza wengi. Muulize anataka kufanya nini siku ya Jumatatu, masomo yake yanasemaje, na nani atalipa. Kaa naye jioni moja na karatasi. Kisha kesho yake mwende saiba pamoja, na mkifika kwa jamaa, mumpe orodha iliyokamilika. Kazi yake iwe kubonyeza tu.