Pointi Mara Tano? Zigeuze Shilingi Kwanza

Novemba ikikaribia, simu hujaa meseji za ofa. Lipa kwa kadi kwenye duka la mtandaoni upate pointi mara tano. Wikendi hii tu, mara kumi! Na kila mwaka wateja wetu wa Kitale na Bungoma hutuuliza swali lile lile: hizi pointi ni pesa kweli, ama ni maneno matamu?

Ni pesa. Lakini ni pesa kidogo kuliko zinavyosikika, na kuna watu wanaolipia pointi hizo kuliko thamani yake bila kujua.

Tuanze na pointi ambazo karibu kila mtu anazijua. Bonga Points za Safaricom zilianza mwaka wa 2007, na kwa miaka mingi ulikuwa unapata pointi moja kwa kila shilingi 10 unazotumia kupiga simu. Watu walizikusanya tu, wengine hawakujua hata wanazo. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, ndipo wengi walipozitumia kununua unga na mafuta ya kupikia dukani. Pointi moja ilihesabiwa senti 30. Baadaye ikashuka hadi senti 20. Kisha Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingeanza kufutwa Januari 2023, watu wakapiga kelele, na mpango ukasitishwa kabla ya tarehe hiyo kufika.

Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha pointi ni nini hasa. Shilingi iliyo kwenye simu yako ni yako. Pointi ni ahadi, na thamani yake inapangwa na aliyekuahidi. Leo ni senti 30, kesho ni senti 20, na hakuna mahali ulipotia sahihi kukubali. Pointi za kadi ya mkopo ziko vivyo hivyo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme wewe ni fundi wa nguo pale Bungoma mjini, unataka cherehani mpya. Mtandaoni inauzwa shilingi 20,000. Kadi yako inatoa pointi moja kwa kila shilingi 100, na kwenye ofa hii ni mara tano. Utapata pointi 1,000. Inapendeza, sivyo? Lakini kama pointi moja ni senti 20, hizo ni shilingi 200. Na bila ofa yoyote ungepata shilingi 40 hata hivyo, kwa hiyo ile "mara tano" iliyokukosesha usingizi imekuongezea shilingi 160.

Sasa cherehani isafirishwe kutoka Nairobi. Ni mzigo mzito. Ukiambiwa shilingi 600 kuufikisha Bungoma, pointi zimekwisha na umeongeza 400 mfukoni mwako. Halafu uliza bei kwa muuzaji wa hapo mjini. Huenda anaiuza 20,500, lakini kwake unaijaribu kabla ya kulipa, mnapatana bei, na sindano ikianza kuruka nyuzi wiki ijayo unajua mlango wa kubisha. Sisi tunapenda biashara ya mtandaoni, ndiyo inayotulisha. Lakini hesabu ni hesabu.

Hapo bado hatujagusa jambo kubwa, ambalo ni tarehe ya kulipa deni la kadi.

Fikiria Novemba ya Trans Nzoia. Mahindi yameshavunwa, yanaanikwa, mengine yako stoo yakingoja bei ipande. Mali ipo, lakini pesa taslimu haipo. Wakati huo huo ndipo ofa zinapofika, na kadi ya mkopo inakwambia nunua sasa, utalipa baadaye. Hiyo "baadaye" inaangukia mwisho wa Desemba au Januari, pamoja na karo, sare za shule na nauli ya watoto. Mtu anajikuta analipa kile kiwango cha chini tu kilichoandikwa kwenye taarifa ya kadi, akidhani ametimiza wajibu.

Kiwango cha chini kinakuokoa na adhabu ya kuchelewa, lakini hakikuokoi na riba. Na kwa kadi nyingi, usipolipa deni lote, riba huhesabiwa kuanzia siku uliyonunua, si siku ya tarehe ya mwisho. Kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, cherehani ya 20,000 inakula shilingi 700 kwa mwezi mmoja. Ulipata pointi za 200. Ukivuta hadi Machi, riba inakuwa imezidi thamani ya pointi hizo mara nyingi. Ukishindwa kabisa, jina linaweza kufika CRB, na hapo hata mkopo wa mbegu na mbolea unakuwa shida.

Kuna jambo watu hawaulizi: nani analipia pointi? Sehemu inatoka kwa ada anayokatwa mwenye duka, na sehemu inatoka kwenye riba ya wanaochelewa. Yaani zawadi ya mwenye kulipa kwa wakati inachangiwa na jirani yake aliyekwama. Si haki sana, lakini ndivyo ilivyo, na ni afadhali ujue uko upande gani.

Je, kuna anayefaidika? Wako. Mama mwenye saluni Kitale anayeagiza nywele na mafuta mtandaoni kila mwezi, tuseme ya shilingi 60,000, na ambaye pesa ya mauzo inaingia kila siku kwenye till yake. Huyo angenunua hata bila ofa. Akilipa deni lote kabla ya tarehe, kwa hesabu ile ile anapata shilingi 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya kuonekana. Ila asome masharti kwanza: ofa nyingi zina kikomo cha pointi za ziada kwa mwezi, na malipo kama bili au kuweka pesa kwenye simu mara nyingi hayahesabiwi. Akirudisha bidhaa, pointi nazo zinarudi. Na akibonyeza kulipa kwa M-PESA badala ya kadi, hata kama ni duka lile lile, pointi za kadi hazimhusu.

Hilo la mwisho lina uzito kwetu sisi wa huku. Watu wengi wamezoea kulipa wakishaona mzigo, na wana sababu. Wengi tunamjua mtu aliyetuma pesa kwa muuzaji wa mtandaoni akaletewa kiatu kimoja, ama hakuletewa kabisa. Pointi zinakutaka ulipe kwanza. Kwa muuzaji usiyemjua, shilingi 200 za pointi haziwezi kuwa sababu ya kuacha tahadhari hiyo.

Ila kama ni lazima ulipe kwanza, kadi ina faida moja ambayo matangazo hayaitaji: unaweza kupinga malipo kupitia benki yako iwapo bidhaa haikufika, mradi uwe na ushahidi na usikawie. Kwa maoni yetu haki hiyo ina thamani kuliko pointi zote za mwaka. Tunza risiti, meseji za muuzaji na picha ya tangazo hadi mzigo ufike mkononi.

Na kama tayari una pointi, usizifuge kama ng'ombe. Haziongezeki thamani zikilala. Angalia leo una ngapi, uliza kila moja ni senti ngapi ukinunulia bidhaa na ni senti ngapi ukichukua muda wa maongezi, kwa sababu mara nyingi viwango hivyo havilingani, kisha uzitumie kwa kitu ulichokuwa ununue wiki hii.