Mchoraji Asishike Funguo za Hazina

Wako watengenezaji wa programu wasemao kwamba picha za kompyuta haziwezi kwenda upesi ila zikiingizwa katika kiini cha mfumo, yaani ile programu itawalayo kumbukumbu, diski na kila chombo cha mashine. Maneno haya yana ukweli kidogo, na kwa ajili ya ukweli huo kidogo yamewapoteza wengi.

Yatazamwe yaliyotendeka. Windows NT ilipotolewa mwaka 1993, kazi ya kuchora madirisha na herufi ilifanywa nje ya kiini. Mwaka 1996, katika toleo la 4.0, iliingizwa ndani, na mashine ikachapuka kweli. Lakini mwaka 2011 ikagunduliwa programu ya ujasusi iitwayo Duqu, iliyoingia kwa hati ya Word iliyotiwa fonti yenye hila. Kwa kuwa fonti zilisomwa ndani ya kiini, kosa la kusoma herufi likawa idhini ya kuitawala mashine nzima. Mtu alifungua barua tu, nyumba ikatekwa.

Katika Unix mambo yalikuwa kinyume, lakini kwa sura tu. Programu ya X ilikaa nje ya kiini, ila ilipewa uwezo wa msimamizi mkuu na kuachiwa kadi ya picha iiguse itakavyo. Mwaka 2006 mtafiti Loïc Duflot alionyesha ya kuwa ruhusa hiyo yatosha kuvunja ulinzi wa OpenBSD, mfumo usifiwao kwa uangalifu. Basi kukaa nje kwafaa nini, ikiwa akaaye nje ana funguo zote mkononi?

Watetezi hujibu kwamba kadi isipoguswa, kioo kitakuwa cheusi. Hayo hayana ubishi. Tena kadi hiyo huweza kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa. Kwa hiyo mlinzi ndani ya kiini ni lazima. Linalobishaniwa si kuwapo kwa mlango, bali ni nani ashike komeo. Kiini na kipange kioo, kigawe kumbukumbu na kukagua maombi. Uchoraji, usomaji wa fonti na madoido yote yabaki nje, pasipo mamlaka. Wala mlinzi huyo asinenepe, kwani kila mstari aongezewao ni ufa mpya ukutani.

Wala hii si ndoto. Linux ilianza kupanga kioo kutoka ndani ya kiini mwaka 2009, na baadaye X ikaweza kuendeshwa bila uwezo wa msimamizi mkuu. Windows Vista ilitoa nje sehemu kubwa ya programu ziendeshazo kadi. Katika Windows 10 usomaji wa fonti nao ukatolewa. Picha hazikusimama, michezo mizito yaendelea kuchezwa.

Kasi iliyonunuliwa mwaka 1996 ililipwa kwa siri za watu ambao hawakuulizwa bei.