Jembe la adhabu na jembe la elimu



Wiki hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo katika nyumba nyingi za Somanda, na Bariadi kwa jumla, huzua ubishi kila mtoto anapofikia kuchagua masomo ya hiari katika sekondari. Kijana anasema anataka Kilimo. Baba ananyamaza kidogo, kisha anauliza iwapo sare, madaftari na michango yote ile ilitolewa ili mtoto arudi kushika jembe ambalo babu yake alilishika bila kuingia darasani hata siku moja. Mama, ambaye mara nyingi ndiye mwenye jembe hilo mkononi, anacheka tu.

Swali la baba si la kipuuzi. Kwa miaka mingi jembe shuleni lilikuwa chombo cha adhabu. Aliyechelewa mstarini alipimiwa kipande cha kulima, na aliyepiga kelele darasani alipimiwa kikubwa zaidi. Shamba la shule lilipaliliwa na watoto, mavuno yakaondoka, na hakuna aliyewaeleza yalipata kilo ngapi wala fedha yake ilinunua nini. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo hawezi kulaumiwa akidhani kwamba somo la Kilimo ni jina la heshima la adhabu ile ile.

Hata hivyo, sivyo ilivyokusudiwa. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule ziwe na mashamba au karakana, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua faida itumikeje. Shule nyingi zilichukua nusu ya agizo. Zilichukua mikono ya watoto, na vichwa vyao zikaviacha nje ya mlango wa ofisi. Baadaye ikaja michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu katika baadhi ya sekondari, na sasa mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, umeleta mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, na kilimo na ufugaji vimo katika mkondo huo. Majina yamebadilika mara kadhaa. Linalomhusu mzazi ni kama mtoto wake atajifunza kitu, au atatumikishwa tu.

Tuanze na mfano mmoja wa karibu. Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ni nchi ya pamba. Mkulima wa zamani alipanda pamba kwa nafasi pana. Siku hizi maafisa ugani wanashauri sentimita 60 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, badala ya 90 kwa 40. Mtoto anayekariri namba hizi kwa ajili ya mtihani atazisahau kabla ya matokeo kutoka. Mtoto anayepewa kamba, vigingi na futi, akaambiwa apime mwenyewe, atagundua jambo. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Kwa nafasi ya 90 kwa 40 hupatikana mashimo 11,000 na zaidi kidogo. Kwa 60 kwa 30 hupatikana zaidi ya 22,000. Eneo ni lile lile na mashimo ni maradufu. Akiisha kuliona hilo ataanza kuuliza: je, mbegu nazo ziongezwe kiasi gani? Udongo wetu utalisha miche yote hiyo mvua ikikatika Januari? Hapo hesabu, jiografia na baiolojia zimekutana juu ya kamba moja, na hakuna aliyelazimishwa kuzipenda.

Au tuchukue mbegu. Kabla ya msimu, mwanafunzi anahesabu mbegu 100, anazifunga katika kitambaa chenye unyevu, anakagua kila siku na kuandika ngapi zimechipua. Gharama yake ni kitambaa na maji. Lakini familia ngapi zimepanda shamba zima kwa mbegu zilizokufa, zikangoja wiki mbili, kisha zikalaumu mvua? Vivyo hivyo rundo la mboji: fimbo inachomekwa katikati, inachomolewa baada ya siku chache; ikitoka na joto na unyevu, kazi inaendelea; ikitoka kavu, rundo linataka maji. Haya ni maarifa ambayo mtoto huyapata kwa kiganja chake, na kitabu humweleza sababu.

Hapa tunapenda kuongeza neno kwa walimu. Wazee wetu wa Kisukuma wana majina ya udongo ambayo hayamo katika vitabu vya sekondari: luseni, itogolo, mbuga. Kila jina linabeba habari ya maji, ya zao linalokubali na la lile linalokataa. Wana pia ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate cha kula kiangazi, jambo ambalo watafiti wametoka mbali kuja kulisoma Shinyanga na Simiyu. Somo la Kilimo linalomwacha mzee huyo nje ya uzio wa shule limejinyima mwalimu. Aalikwe asubuhi moja, apewe kiti kivulini, wanafunzi wamletee magao matatu ya udongo na wamuulize.

Sasa tuje kwa jambo ambalo mzazi hana budi kulikagua kwa macho yake: dawa za kuua wadudu. Pamba haiendi bila kupuliziwa, na katika nyumba nyingi chupa ya dawa hukaa chini ya kitanda au pembeni mwa gunia la mahindi. Tumeona chupa tupu ikioshwa na kutiwa mafuta ya kula. Dawa iliyokusudiwa pamba hupuliziwa mchicha unaouzwa sokoni kesho yake. Katika somo linalofundishwa vizuri, mtoto husoma kibandiko, huelewa kwa nini mboga isivunwe kabla ya siku zilizoandikwa kupita, hujua upepo unavuma kutoka wapi kabla ya kuanza, na hujua kwamba chupa iliyokwisha hutobolewa ili isitumike tena. Lakini kujua si sawa na kutumwa kupuliza. Mtoto asibebeshwe bomba la dawa shuleni. Iwapo shule inafanya hivyo bila barakoa, glavu na viatu, mzazi aende akaseme, tena aseme kwa upole lakini bila kuondoka mpaka asikilizwe.

Wapo wanaosema Kilimo ni somo la wavulana. Hatuoni msingi wa neno hilo. Kuku wa nyumbani ni mali ya mama na binti karibu kila kaya, na kideri ndicho kinachowamaliza, banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Binti wa Kidato cha Tatu anaweza kuifanya akiisha kuonyeshwa mara moja, na chupa moja inatosha kuku wa majirani kadhaa wakiungana. Tena binti ana fungu lake katika shamba la baba yake siku baba atakapoondoka duniani. Ni vyema fungu hilo limkute anajua kulitumia, asije akaliuza kwa bei ya kutupa kwa sababu tu hajui litamfaa nini. Kuhusu mavazi, suruali pana ndani ya gauni, buti na hijabu fupi iliyofungwa vizuri hazijamzuia mtu kupanda mbegu. Katika mwezi wa Ramadhani, kazi za shambani ziwekwe vipindi vya asubuhi; mwalimu akiombwa mapema aghalabu hukubali.

Lipo jambo jingine ambalo somo hili linafundisha na ambalo nyumba zetu zinalihitaji sana, nalo ni mizani na daftari. Wenyeji wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa umuhimu wa mizani. Wakulima wa pamba wa enzi za babu zetu waliungana kwanza kwa ajili ya kupunjwa katika kupima, na katika muungano huo vikazaliwa vyama vya ushirika vilivyokuwa na nguvu kubwa nchini miaka ya 1950. Leo mkulima anapeleka pamba yake AMCOS na anarudi na karatasi ambayo hakuisoma. Mtoto aliyezoea kuandika tarehe ya kupanda, gharama ya mbegu, siku za palizi na kilo zilizovunwa ataisoma karatasi hiyo kabla baba hajaikunja. Na sisi Waislamu tuna sababu ya ziada. Nafaka iliyopata maji ya mvua ina zaka ya moja ya kumi ikifikia nisabu, na iliyomwagiliwa kwa gharama ina nusu yake. Mzazi asiyejua amevuna kilo ngapi za mahindi atajuaje kama amefikia kiwango hicho? Kukadiria kwa macho kuna raha yake, hasa mwaka wa mavuno mengi.

Wazazi hutuuliza pia juu ya mbele. Je, Kilimo hakimfungii mtoto mlango wa chuo? Hakimfungii. Kidato cha Tano kipo na tahasusi ya CBA, yaani Kemia, Baiolojia na Kilimo. Vipo vyuo vya kilimo kama Ukiriguru, na vya mifugo kama Mabuki, vyote mkoani Mwanza, safari ya nusu siku kutoka Bariadi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro tangu mwaka 1984. Ila tuseme ukweli: mtoto asiyejitahidi katika Kemia na Baiolojia hatavuka kwa kutegemea jembe peke yake. Anayechagua Kilimo kwa kudhani ni somo la kupumzikia amepotea, na mzazi anayemsukuma huko kwa sababu alama zake ni mbaya amemwonea mtoto na amelionea somo.

Basi mzazi akienda shuleni asiulize tu kama Kilimo kinafundishwa. Aombe kuliona shamba. Aulize kama mtoto wake ana tuta lake lenye kibao, au wote wanalima shamba moja lisilo na mwenyewe. Aombe daftari la kumbukumbu, alifungue katikati, atazame kama kuna tarehe na namba au maelezo yaliyonakiliwa ubaoni. Aulize mavuno ya mwaka jana yalikwenda wapi. Wanafunzi wenyewe wakijua jibu, hiyo ni dalili njema. Shule ambazo hazina mwalimu wa somo hili zipo, na hizo hazipaswi kufichwa nyuma ya shamba kubwa la viazi. Viwanja vya Nyakabindi hapa hapa Bariadi, ambako maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika mwaka 2018, 2019 na 2020, vilitusogezea mambo mengi ya kutazama, lakini mtoto hajifunzi kilimo kwa kutazama banda la maonyesho siku moja.

Msimu wa kupanda pamba huanza katikati ya Novemba, na likizo ya Desemba humkuta mwanafunzi nyumbani palizi ikiwa imepamba moto. Mwaka huu apewe robo ekari iwe yake, pamoja na mbegu, kamba na daftari jipya. Achague mwenyewe kama ni pamba, choroko au mahindi, na baba asimpangie nafasi ya mashimo mpaka aulizwe. Mwezi wa Juni wakae pamoja walihesabu.