Methali Inayomfungia Mtoto Mlango

Sisi wapenzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja: tukisikia methali, tunanyamaza. Tunadhani wahenga wameshamaliza kesi. Ndiyo maana "mshika mbili, moja humponyoka" imegeuzwa sera ya elimu na hakuna anayeihoji. Mtoto wa kidato cha nne akisema anataka uhandisi na uchumi pamoja, jibu ni hilo hilo: acha tamaa, shika kimoja.

Angalia utaratibu wenyewe. Akichagua PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, uchumi hauoni tena darasani kwa miaka miwili. Akichagua EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, Fizikia imeondoka. Na bila Fizikia ya kidato cha sita, uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam atausikia tu. Wa PCM angalau anaweza kugeukia uchumi baadaye, maana hisabati anayo. Wa EGM akitaka uhandisi, ni kama kuanza upya. Uamuzi mzito hivyo, na anayeufanya bado hata kitambulisho cha kupigia kura hana.

Sasa tuipeleke methali hiyo Kibimba, wilayani Ngara, tuone kama itasimama. Wilaya hiyo ina maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, mpakani na Rwanda. Pale umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, kwa fedha za Benki ya Dunia, na umeme wake unagawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mpango wa awali ungefunika ardhi kubwa zaidi kwa maji. Ukabadilishwa, mtambo ukategemea zaidi mtiririko wa mto wenyewe. Hebu niambie, uamuzi ule ulikuwa wa mhandisi au wa mchumi? Kina cha maji ni cha mhandisi. Thamani ya shamba la migomba ambalo lingezama ni ya mchumi. Anayejua kimoja tu hawezi kuamua.

Au nenda wilaya jirani ya Biharamulo, kwenye mgodi wa Tulawaka. Mwaka 2013 wawekezaji wa kigeni waliuachia, ukachukuliwa na STAMIGOLD, kampuni ya serikali. Mgodi ulioisha kwa mmoja ukawa kazi kwa mwingine. Ndivyo dhahabu ilivyo: jiwe lile lile leo ni mali, kesho ni kifusi, kutegemea bei sokoni na gharama ya kulichimba.

Taifa zima lililiona hili mwaka 2017, kwenye sakata la makinikia. Rais Magufuli aliunda kamati mbili. Ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia, ilipima kilichomo kwenye makontena. Ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, mchumi, ikakokotoa fedha. Sisemi zilikosea kugawana kazi. Nasema swali lilikuwa moja tangu mwanzo: kuna nini humo ndani, na ni cha shilingi ngapi? Tunahitaji watu wanaoweza kuliuliza lote kabla kontena halijafika bandarini.

Najua mtanijibu nini. Uhandisi ni mgumu, na walimu wa Fizikia hawatoshi. Kweli. Na Fizikia ibaki. Sitaki kuvuka daraja la mtu aliyeikwepa. Kweli pia serikali ilitangaza tahasusi mpya mwaka 2024. Lakini tahasusi ya kwenye karatasi haina maana kama mwalimu hayupo. Mtoto wa kijijini hachagui anachotaka, anachagua kilichopo shuleni. Anayesema huyo ana tamaa aje kwanza na walimu.

Na wanaodai mambo haya hayachanganyiki wamsome Jules Dupuit, mhandisi wa barabara na madaraja wa Ufaransa. Mwaka 1844 aliandika namna ya kupima faida ya daraja kwa wanaolivuka, na mpaka leo wachumi wanamhesabu kama mmoja wa wazee wao.

Kwako wewe unayeandika insha ya kuomba chuo cha ng'ambo kinachochuja watu kwelikweli: usiandike kwamba unapenda uhandisi na pia uchumi. Hapo methali itakukamata kihalali. Andika swali moja linalodai vyote viwili. Kwa mfano: inakuwaje mtu aishi karibu na mtambo wa umeme na bado awashe kibatari? Kuna nguzo na transfoma humo, na kuna bei ya kuunganishiwa na kipato cha anayeuza ndizi. Ukilichambua vizuri, hakuna atakayekuuliza kwa nini umeshika mbili.

Wahenga hao hao walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa nini hiyo hatuisikii siku ya kujaza tahasusi?