Punje ya Chakula Ni Mbegu



Mkulima mdogo hana maghala mawili. Mahindi anayoyala leo ndiyo atakayoyapanda mvua ikinyesha. Ukweli huu haukuzingatiwa ipasavyo katika Itifaki ya Cartagena, iliyopitishwa Montreal tarehe 29 Januari 2000 na kuanza kutumika mwaka 2003, ili viumbe vilivyobadilishwa chembe za urithi visafirishwe kwa usalama baina ya mataifa.

Hatuidharau Itifaki hiyo. Waafrika, wakiongozwa na Tewolde Berhan Gebre Egziabher wa Ethiopia, waliipigania mbele ya kundi la nchi sita zenye kuuza mazao, Marekani ikiwemo. Kwa jitihada zao, mbegu ya namna hiyo haipaswi kuingizwa nchini mara ya kwanza pasipo serikali kuarifiwa na kuridhia. Na ukimya wa serikali hauhesabiwi kuwa ridhaa.

Lakini nafaka iitwayo chakula ilifunguliwa mlango mwepesi zaidi. Kwayo hati zaweza kusema tu kwamba shehena "huenda ina" viumbe hivyo, wala haikukusudiwa kupandwa. Twauliza: hati ikibaki bandarini, ni nani atakayemsomea mkulima aliyepokea gunia la msaada? Itifaki imechora mpaka ambao jembe haliujui.

Mwaka 2002, njaa ilipoikumba Kusini mwa Afrika, Zambia iliyakataa mahindi hayo ya msaada. Zimbabwe na Msumbiji zilitaka yasagwe kwanza. Wapo waliowalaumu, kana kwamba mwenye njaa hana haki ya kuuliza anapewa nini. Njaa haimwondolei mtu hadhi aliyopewa na Mungu. Na kusaga kulikuwa busara: unga hauoti.

Hatusemi kwamba vyakula hivi ni sumu. Hilo halijathibitishwa, wala haki haitetewi kwa uongo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alikiri hivyo, lakini akaonya kwamba mahali pengi mazao haya yalipoingia, ardhi yenye rutuba imeangukia mikononi mwa wachache.

Kwa hiyo twadai: punje yoyote iwezayo kuota ihesabiwe kuwa mbegu, nafaka ya msaada ya aina hiyo isagwe kabla ya kugawiwa, na serikali zilizoridhia Itifaki ziwasikilize wananchi kabla ya kuamua, kama Itifaki yenyewe inavyoagiza. Jumuiya Ndogo Ndogo zisingoje kuitwa, ziulize sasa.