Mchumba Asiyetaka Kumwona Baba Yako

Ndugu msomaji, na hasa wewe binti yetu wa Babati, hebu tuulizane. Huyo unayemwita mchumba, ni nani mwingine anayejua kuwa ni mchumba wako?

Mji wetu uko njia panda. Magari ya Arusha, Dodoma na Singida hupita hapa mchana na usiku, na msimu wa mbaazi ukifika wanunuzi hupanga vyumba mjini. Baadhi yao, pamoja na chumba, hupata mpishi, mfuaji wa nguo na mke asiye na mahari. Msimu ukiisha, huyoo! Wala tusiwasingizie wageni peke yao. Vijana wetu wenyewe wamo.

Ukimwuliza habari za posa, hakosi neno. "Ngoja niuze mbaazi." Mwaka 2017, India ilipowekea kikomo mbaazi za kutoka nje, bei ilianguka na wakulima wetu waliumia. Mwaka ule udhuru ulikuwa udhuru. Lakini misimu mingapi imepita tangu hapo? Mtume (s.a.w.) alimwambia maskini atafute mahari japo pete ya chuma. Je, mwenye pikipiki na simu ya bei kubwa atakosaje?

Usimpime kwa maneno matamu wala kwa zawadi. Mpime kwa mashahidi. Nikahi yataka wali na mashahidi wawili, na Qur'ani katika Suratun-Nisaa, aya ya 21, inaihesabu ndoa kuwa ni ahadi nzito. Asiyetaka ahadi hukimbia kila penye shahidi. Kwao hukujui. Mkikutana sokoni naye yuko na jamaa zake, wewe ni "dada mmoja hivi". Huja usiku na kutoka kabla ya adhana ya alfajiri. Mwizi naye ana saa hizo hizo.

Wapo wanaojifariji: "Tumekaa miaka miwili, serikali imekwisha kutuoza." Wamekosea sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, yasema kuwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, watadhaniwa kuwa wameoana. Watadhaniwa tu! Na dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Naye mashahidi wake atawaleta: wale wale aliowaambia kuwa wewe ni "dada mmoja hivi".

Nanyi wazazi, mnaomfukuza kijana aliyebisha hodi kwa adabu kwa kuwa mkononi hana mamilioni, mnadhani binti yenu atakwenda wapi? Kwa yule asiyebisha hodi kabisa.

Basi, binti, mwambie leo: Baba yupo nyumbani Ijumaa baada ya Swala. Kama baba hayupo, mtajie kaka yako au ami yako. Usilie, usigombane naye, wala usimkumbushe mara ya pili. Ijumaa ikifika, tega sikio mlangoni.