Mtoto Alaye Asikue

Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya, twataka kunena habari ya jambo linalowasumbua wazazi wengi, nalo ni hili: mtoto hupewa chakula, naye hula, walakini hanenepi wala harefuki. Akipimwa leo, uzito wake ni ule ule wa mwezi uliopita. Jirani husema kwamba mama yake ni mchoyo. Mama mkwe husema maziwa yake hayafai. Na wengine hunong'ona kwamba mtoto ametupiwa jicho. Kwa maneno kama hayo nyumba nyingi zimeingiwa na ugomvi, na mtoto huzidi kudhoofu hali watu wazima wanalaumiana. Basi yafaa tuijue sababu iliyofichika tumboni.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba chakula kilichomo tumboni bado hakijaingia mwilini. Fikirini jahazi lililotia nanga bandarini, limejaa mchele na nguo. Mali imefika mjini, lakini madukani hamna kitu mpaka wachukuzi waishushe na kuipeleka. Wachukuzi wakiwa wagonjwa, jahazi litang'oa nanga pamoja na shehena yake, na mji utabaki na njaa. Ndivyo ilivyo katika tumbo la mwanadamu.

Kazi hiyo ya uchukuzi hufanyika hasa katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Ndani yake umefunikwa na vinyweleo vidogo sana vya nyama laini, mfano wa manyoya ya mahameli. Kwa ajili ya vinyweleo hivyo na mikunjo yake, ukuta wa utumbo kama ungetandazwa wote ungeenea mita 30 za mraba hivi, yaani sakafu ya chumba chenye mita 5 kwa mita 6. Chakula huchanganyika na maji ya kongosho na nyongo itokayo katika ini, kikavunjwavunjwa hata kikawa chembe ndogo kabisa. Ndipo vinyweleo hukinyonya na kukitia katika damu. Tena kila kitu kina mahali pake: madini ya chuma hunyonywa zaidi mwanzoni mwa utumbo, na vitamini B12 karibu na mwisho wake. Kwa hiyo sehemu moja ikiharibika, mtu aweza kupungukiwa na kitu kimoja tu, ingawa anakula vema.

Ni nini basi kiwadhurucho wachukuzi hao? Sababu ni nyingi. Tutataja zilizo kubwa.

Ya kwanza ni uchafu. Mtoto atambaaye uani hutia mikono kinywani, na mikono ile imegusa mavi ya kuku na udongo uliochafuka. Vijidudu huingia kila siku, hata kama mtoto haharishi. Utumbo huvimba, vinyweleo hupungua urefu na kuwa butu, na uchukuzi hulegea. Madaktari waliochunguza matumbo ya watu katika Gambia, Zambia na Bangladesh wameiona hali hiyo. Mtoto wa namna hii hafanani na mgonjwa. Huonekana tu kuwa mfupi kuliko umri wake.

Ya pili ni minyoo na wadudu wengine wa tumboni. Minyoo ya safura hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu, hata mtu akapungukiwa na chuma. Na kuna kidudu kisichoonekana kwa macho, kiitwacho jiadia, kikaacho katika maji machafu. Hicho hujibandika katika utumbo na kuzuia mafuta yasinyonywe.

Ya tatu ni chakula chenyewe, kwa watu wachache ambao miili yao haikipatani. Katika Uholanzi alikuwako daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, aliyefanya kazi katika mji wa The Hague. Tangu miaka ya 1930 aliona kwamba watoto fulani wenye kuhara kusikokoma hupata nafuu wakinyimwa mkate wa ngano. Njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, ilimtia nguvu katika wazo lake, na mwaka 1950 akaliandika katika kitabu chake cha udaktari. Leo twajua kwamba kitu kiitwacho gluteni, kilichomo katika ngano, shayiri na rai, huviua vinyweleo vya utumbo wa watu hao. Ugonjwa huo huitwa siliaki, na mahindi, mchele na mtama haviudhuru mwili wa mwenye nao.

Wako na wengine: walioumwa kongosho au ini, waliokatwa sehemu ya utumbo kwa upasuaji, na wazee ambao tumbo lao halitoi tena kile kinachosaidia kunyonywa kwa vitamini B12.

Dalili nazo hutofautiana. Mafuta yasiponyonywa, choo huwa kingi, cheupe, chenye kunuka sana, nacho huelea majini. Chuma kikipungua, viganja na ufizi hupauka, na mtoto husinzia darasani. Mwalimu humwadhibu kwa uvivu, kumbe damu yake ni haba. Vitamini A ikikosekana, haoni vema jioni. Vitamini D ikikosekana, mifupa hulainika na miguu hupinda. Na kitu kibaya zaidi ni kwamba mtoto aliyekonda huugua upesi, na kila akiugua utumbo wake huzidi kuharibika; hivyo njaa na maradhi huitana.

Je, kuchimba choo na kunawa mikono kwatosha? Hapa yafaa tuseme kweli. Majaribio makubwa yalifanyika katika Kenya ya magharibi na Bangladesh, habari zake zikatolewa mwaka 2018, na mengine katika vijiji vya Zimbabwe, yakatolewa mwaka 2019. Nyumba zilipewa vyoo bora, mahali pa kunawia na dawa ya kusafishia maji; walakini watoto hawakurefuka kwa ajili hiyo. Waliopewa chakula cha kuongezea walirefuka kidogo. Je, usafi ni kazi bure? La. Wataalamu wengi wameona kwamba usafi ule ulikuwa haba mno kuushinda uchafu uliojaa uani. Nusu ya boma haizuii fisi.

Basi, enyi wazazi, fanyeni haya. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila. Mtandikieni mkeka safi atambaapo, na kuku wawe na banda lao. Naweni kwa sabuni kabla ya kumlisha, na maji yake yachemshwe. Akiisha kutimiza mwaka mmoja, apewe dawa ya minyoo kama zahanati iagizavyo. Tieni mafuta kidogo katika mchicha wake, kwa maana vitamini A hainyonywi vema pasipo mafuta. Kamulieni ndimu katika maharagwe, nayo itasaidia chuma kuingia. Wala msinywe chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai hukizuia chuma.

Mtoto akihara, msimnyime chakula. Mpeni maji yenye dawa ya chumvi na sukari itolewayo zahanati: sukari huivuta chumvi ipite katika ukuta wa utumbo, na maji huifuata. Apewe na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kila siku, au 10 ikiwa hajatimiza miezi 6.

Mpelekeni kupimwa kila mwezi. Akiwa haongezeki, au choo chake ni kama tulivyoeleza, au amepauka, mfikisheni hospitali upesi. Wala msimwachishe mkate kwa kukisia kwamba ana siliaki. Apimwe kwanza hali bado anaula, maana akiisha kuuacha kipimo chaweza kudanganya.

Nanyi, mama wakwe na majirani, mwonapo mtoto alaye asikue, msianze kwa kumhukumu mama yake. Mshikieni kazi za nyumba siku ile, apate nafasi ya kumpeleka mtoto kwa mganga wa hospitali. Nanyi walimu, mtoto asinziaye kila siku, mtazameni kwanza viganja vyake kabla ya kushika fimbo.